Gari Moja la Kwenda Epulu

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari nimeona kwamba kukaa nyumbani ni kazi isiyo na ratiba. Ninyi mnaobaki ofisini mliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukipanga safari za kwenda kuona wanyama, kutoka hapa Bunia hadi hifadhi ya msitu kule Epulu. Basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Kila mtu anayajua ya kwake, na hayajawahi kulitoa gari lolote kwenye matope.

Nilianza kazi kwa Mama Léonie, mwenye ajansi hii ya safari, wakati vita vilikuwa vimepoa na wageni wameanza kurudi: watu wa mashirika waliotaka kupumzika, watafiti wa miti, mapadre waliotembelewa na jamaa zao wa Ulaya. Nasema vilipoa, sisemi viliisha. Ndiyo maana kazi yetu ilikuwepo. Anayeishi penye amani kamili hahitaji mtu wa kumpangia njia. Anapanda gari, anakwenda.

Siku ya kwanza nilifika na kalamu mpya na viatu vya kisigino. Mama Léonie hakunionyesha meza. Aliniambia nipande jipu letu refu la safari, nikae kiti cha nyuma kabisa, kile kilicho juu ya gurudumu, niende na shofere wetu Dieudonné mpaka Komanda na kurudi.

"Juu ya nini, Mama?" nikamuuliza sababu.

"Juu kesho utauzisha ile kiti. Kwanza mugongo yako iijue."

Mgongo wangu uliijua vizuri. Tangu siku hiyo sikumwambia mgeni hata mmoja kwamba barabara ni nzuri. Nilimwambia inapitika, na nilimwekea mto. Wageni wengi waliuliza kuhusu nyoka. Hakuna aliyeuliza kuhusu kiti cha nyuma, na nyoka hakumuuma hata mmoja wao.

Dieudonné alinifundisha vifaa. Mbao mbili nene za kuweka chini ya magurudumu, kamba ndefu, panga, koleo, bidoni za mafuta, na matairi mawili ya akiba badala ya moja, kwa sababu tairi la kwanza hupasuka kwenye shimo na la pili hupasuka kwa hasira ya shofere. Mama Léonie naye alinifundisha simu. Kabla ya gari lolote kuondoka alimpigia mama mmoja anayeuza mikate Komanda. Mikate ile ilitoka Bunia kila alfajiri, na ikichelewa, basi barabara ina neno. Baada ya hapo alimpigia fundi ujenzi mmoja wa Mambasa, kisha hifadhini kwa foni, ile redio ya mawimbi inayokoroma, kwa kuwa ndani ya msitu simu zetu hazikushika. Mtu mmoja kati ya hao watatu akisita kidogo tu katika kujibu, gari lililala nyumbani. Wageni walinuna. Aliyenuna angalau yuko hai, na wengi walirudi wiki iliyofuata wakiwa wamesahau.

Jambo jingine nililolishika mapema ni hili: sikumuuzia mtu okapi, mnyama adimu wa msitu ule. Mhandisi mmoja wa madaraja alitaka nimhakikishie kwamba atamwona. Nikamwambia ninauza barabara, kitanda na asubuhi moja msituni. Okapi hafanyi kazi kwetu. Alitoka amekasirika. Kesho yake alirudi akachukua nafasi, akaenda, hakumwona, akatuletea marafiki zake.

Sasa nije kwenye safari ambayo mmeniuliza mara nyingi, ile ya kamati.

Kwa miaka ile, kule vilima vya Djugu, wafugaji na wakulima walikuwa wameumizana sana. Wengi walikimbilia Bunia, wengine kwa jamaa zao, wengine kwenye kambi za turubai. Pasta Élie, mtu wa hapa mjini mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu, alikuwa ameunda kamati ya mapatano, nusu wafugaji, nusu wakulima. Alikuja ofisini akaniambia anataka kuwapeleka Epulu.

"Kuona wanyama, Pasta?" nikauliza. Nilidhani anatania.

"Mu sale ya mikutano kila mutu anachunga mulango," akasema. "Nataka bakae pahali hakuna shamba ya mutu, hakuna ngombe ya mutu. Baone bale batu ba mu musitu, namna banaishi na mupaka benye balikubaliana. Mambo ingine, Mungu atajua."

Nilikubali, kwa sababu lilikuwa wazo zuri na kwa sababu nilijua naliweza. Jioni ileile akaja mjumbe wa kwanza wa kamati, Muzee Barnabé, mfugaji, mrefu, na kofia yake ya ukingo mpana na fimbo yake. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza mvua, kisha akashusha sauti.

"Mama Yvonne, utupangie magari mbili. Sina ubaya na mutu. Ni makelele yabo tu. Mu gari moja siye hatutapumua."

Kesho yake asubuhi akaja Mama Rachel, mkulima, mjane, aliyekuwa akiishi katika kambi na watoto wake. Naye aliuliza watoto, akauliza mvua.

"Mama Yvonne, gari ziwe mbili. Sina ubaya na mutu. Ni harufu ya ngombe tu."

Niliwajibu wote wawili jibu moja: gari iko moja. Sikufanya hivyo kwa ukaidi. Magari mawili barabarani yanaachana. La mbele likikwama, walio nyuma wanaanza kujiuliza kwa nini limesimama, na kwa watu wale swali hilo lingetosha kuharibu kila kitu. Halafu gari lenye watu wa upande mmoja, kila bariere ya askari barabarani inataka kujua ni la nani. Gari lenye watu waliochanganyika ni gari la watalii tu.

Kuwapanga viti kulinisumbua mpaka nikaacha kuwapanga kwa upande na kuwapanga kwa matumbo. Nilimuuliza kila mtu swali moja: unatapika mu gari? Wenye kutapika hukaa mbele, penye dirisha. Wengi walisema hapana, wengine kwa uongo. Waliokiri walikuwa wawili tu, Mama Rachel na Muzee Barnabé. Basi wakaketi pamoja, nyuma ya shofere, na hakuna aliyeweza kusema ni siasa.

Chakula kilikuwa kigumu zaidi. Hakuna aliyesema waziwazi, ila nilijua kwamba kila upande ungeogopa sufuria iliyopikwa na upande wa pili. Nilinunua mayai yaliyochemshwa, yenye maganda yao, ndizi mbivu zenye maganda yao, na karanga ambazo kila mtu angejimenyea. Yai halifunguliwi na kufungwa tena. Mkipanga safari ya watu wasioaminiana, anzeni na mayai.

Tuliondoka asubuhi yenye ukungu. Mpaka njia panda ya Nyankunde hakuna aliyesema neno. Pasta Élie alianzisha wimbo, ukafia katika ubeti wa kwanza. Baada ya Komanda barabara iliingia msituni, ikaanza kona na mashimo, na Muzee Barnabé akageuka rangi. Alishika kofia yake usoni. Mama Rachel alimtazama kwa pembe ya jicho, kama mtu anayepiga hesabu ya nguo yake mpya. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha tangawizi, akakikata kwa meno, akaweka nusu mdomoni mwake na kumnyooshea nusu nyingine.

"Tafuna," akasema.

Akatafuna. Hilo ndilo neno la kwanza lililopita kati ya pande mbili za kamati katika gari langu.

Tulipofika Mambasa simu zilishika tena, zote kwa mara moja, na gari zima likalia kama ndege waliotishwa. Nilikuwa nje nikiulizia mafuta. Nilipogeuka niliona watu wanashuka kwa milango yote miwili na kusimama katika makundi mawili, gari likiwa katikati.

Kijiji cha Mama Rachel kilikuwa kimechomwa usiku wa kuamkia siku ile. Usiku uleule, ng'ombe wa Muzee Barnabé, aliokuwa amewaacha kwa mdogo wake upande wa pili wa vilima, walikuwa wameswagwa na watu wasiojulikana. Waliofanya hayo hakuna aliyewajua, na kwa sababu hiyo kila mtu alijua.

Naeleza hapa polepole, kwa sababu siku moja itawakuta na ninyi. Nilimwambia Dieudonné atoe ufunguo na akae palepale kwenye usukani. Niliagiza chai, kwa kuwa mtu mwenye kikombe cha moto mkononi hana mkono wa kuokota jiwe. Kisha nikapiga simu zangu. Barabara ya kurudi Bunia ilikuwa shwari. Ya kwenda Epulu ilikuwa shwari. Ubaya ulikuwa Djugu, barabara nyingine kabisa. Nilipojua hayo niliwaita wote wasogee pamoja na nikawaambia kwa pamoja, mara moja, maneno yaleyale. Ukiliambia kundi moja kwanza, kundi la pili halisikii habari, linasikia uongo.

"Tusali, tuendelee," akasema Pasta Élie.

"Tusali, Pasta," nikamwambia, "lakini kuendelea kila mutu ajichagulie. Nimepata basi ya kurudi Bunia sasa hivi. Atakayerudi, nafasi iko. Atakayeenda, nafasi iko."

Wengi walichagua kurudi, wa pande zote mbili. Pasta alikwenda nao, kwa sababu nilimwomba. Sikutaka wapande basi lile bila mtu wa kuketi katikati yao. Niligeuka kwa Mama Rachel nikidhani naye amekwisha kuchukua mfuko wake. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha duka, simu mapajani.

"Batoto bangu biko muzuri, biko ku kambi," akasema. "Nyumba ilisha kuungua. Nikirudi leo, nitazima nini?" Akatazama simu. "Kaka yangu tu. Alibaki kuchunga shamba. Namuita, simu haiiti."

Muzee Barnabé alikuwa hatua chache kutoka pale, amesimama na fimbo yake. Naye alikuwa amekataa basi. Alisema ng'ombe wakiisha kwenda, mbio ya mzee haiwafikii. Alisikia. Akasogea.

"Kaka yako anaitwa nani?"

Siku kama ile, kumpa mtu wa upande ule jina la ndugu yako aliyepotea kulikuwa sawa na kumkabidhi mtu mwenyewe. Mama Rachel alimtazama yule mzee usoni, kwanza macho, kisha mikono, kisha tena macho.

"Jean," akasema. "Jean, mutoto wa Muzee Samuel. Iko na kovu ku paji ya uso."

Muzee Barnabé akampigia simu mpwa wake, kijana anayenunua maziwa katika barabara ya Djugu na kujua kila kijiji. Aliongea mbele yetu, mbele ya watu wake waliokuwa wakipanda basi, bila kujificha. Sauti ya yule mpwa ilipanda mpaka tukaisikia sote: "Juu ya nini unatafuta mutu wa kule? Na ngombe zetu?"

"Juu dada yake anaketi pembeni yangu," akasema mzee. "Umutafute. Na mutu asimuguse. Ukimupata, uite biro ya Mama Léonie ku Bunia."

Mmoja wa watu wake alitema mate chini kabla ya kupanda basi. Muzee Barnabé aliona, akapangusa simu yake kwa mkono wa koti, akaiweka mfukoni.

Tulibaki wachache, jipu likawa na nafasi za kutosha. Kila mtu angeweza kuhamia kiti alichotaka. Wale wawili walirudi pale pale nyuma ya shofere. Labda ni kwa sababu ya tangawizi. Sikuuliza.

Tulilala Epulu, na asubuhi iliyofuata tuliingia msituni kwa miguu na kiongozi wetu, mwenyeji wa pale, mtu mwenye hatua nyepesi aliyeongea kwa vidole zaidi kuliko kwa mdomo. Alitueleza mpaka uko wapi: huku wanalima, kule hawalimi, na walivyogombana miaka kabla ya kukubaliana. Mama Rachel alimuuliza maswali mengi juu ya ugomvi ule. Muzee Barnabé aliuliza juu ya adhabu. Kisha njia ikawa nyembamba, tukaenda mmoja mmoja. Magoti ya mzee yalikuwa mabaya na Mama Rachel hakuwa amelala, basi wakabaki nyuma. Mimi nilikuwa katikati. Niliwasikia wananyamaza ghafla.

Niliporudi niliwakuta wamesimama bega kwa bega, wametazama kijito kidogo ambacho hakikuwa na kitu kando yake.

"Mumeiona?" akaninong'oneza Mama Rachel.

"Nini?"

"Ilikuwa pale. Inalamba udongo. Ikatuangalia."

"Ni ngombe," akasema Muzee Barnabé, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa na kubarikiwa kwa pamoja. "Ni aina ya ngombe."

"Ngombe gani inavaa masoksi?"

Kiongozi aliinama, akaona nyayo, akasema ndiyo, ni yeye, okapi, sasa hivi. Wengine wote walirudi mbio na hawakuona kitu. Walisikitika, kisha wakaanza kutilia shaka. Wakasema nyayo ni nyayo, na watu wawili waliochoka wanaweza kuona chochote. Mimi niliyefanya kazi ile miaka mingi nilikuwa nimemwona mara moja tu, makalio yake yenye mistari yakiingia kichakani. Kati ya watu wote wa safari ile, kila mmoja wa wale wawili alikuwa na shahidi mmoja tu duniani.

Alasiri waliniita kwenye foni, nami nikawaita wale wawili. Ilikuwa sauti ya Mama Léonie kutoka Bunia, inakuja na kupotea. Mpwa wa Muzee alikuwa ameipigia ofisi simu. "Jean iko," akasema. "Balimupata mu parokia moja, na batu bengine. Mukono moja iliungua. Lakini iko muzima. Umesikia? Muzima." Nilimwomba arudie mara mbili, ili Mama Rachel aisikie kwa masikio yake. Alikaa chini kwenye vumbi, akaziba uso kwa kitenge. Muzee Barnabé aliinama karibu na ile redio.

"Na ngombe?" akauliza.

Redio ilikoroma. "Ngombe hapana, Muzee. Pole."

Akatikisa kichwa, akasema asante, akatoka kwenda kusimama kando ya mto. Baadaye kidogo Mama Rachel aliinuka akamfuata. Walisimama pale, maji ya Epulu yakinguruma kwenye mawe, na sijui waliambiana nini wala sikutaka kujua. Mwenye kupanga safari hajipangii nafasi katika kila mazungumzo.

Kesho yake tulirudi Bunia kabla ya jua kushuka. Mpango wangu ulikuwa kumshusha Mama Rachel nje ya kambi, barabarani, motere ikiwaka, na kuondoka mara moja na mzee ndani ya gari. Kambi ile ilikuwa imejaa watu waliofika siku zile na nguo walizovaa tu. Nilimwambia Dieudonné asizime motere, na nilimwomba Muzee Barnabé ashushe kofia usoni.

Mama Rachel alishuka. Watoto wake wakamrukia, kisha wifi yake, kisha majirani, habari za Jean zikitoka mdomo kwa mdomo, kilio na kicheko vimechanganyika. Mtu mmoja akauliza kwa mzaha, kama watu wanavyotafuta neno lolote jepesi katika siku nzito: "Na uko mu musitu, uliona nini?"

"Niliona okapi."

Wakacheka. "Okapi! Weye?"

"Miye. Kama ninavyokuona."

"Umesha kuwa mutalii, sasa unadanganya kama mutalii."

"Muulize ule muzee," akasema Mama Rachel, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye dirisha la gari. "Alikuwa na miye."

Kicheko kilikatika. Wote walitazama gari, wakaona ile kofia, wakaona ile fimbo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mtu wa upande gani. Niliweka mkono wangu juu ya mlango ili ubaki umefungwa. Safari nzima nilikuwa nimeipanga, isipokuwa hapa. Muzee Barnabé alifungua mlango wa upande wa pili.

Alishuka polepole kwa sababu ya magoti. Alizunguka gari, akasimama mbele yao, akavua kofia.

"Ni kweli," akasema. "Iko kubwa kama ngombe. Miguu iko na mistari. Dada yenu aliiona mbele yangu."

Mwanamke mmoja mzee akauliza, "Na pembe?"

"Haina."

"Iko nazo!" akasema Mama Rachel. "Kidogo, hapa."

"Haina, mama. Niko mutu wa ngombe, najua pembe."

"Ulikuwa nyuma yangu, uliona nini?"

Mtu alicheka, mmoja tu, lakini kilikuwa kicheko cha kweli. Wifi aliingia katika turubai akatoka na kiti cha plastiki, akakiweka chini bila kumtazama mzee, akasimama kando.

"Mumuletee maji anawe mikono," akasema Mama Rachel. "Hajakula tangu asubuhi. Tumbo yake haipendi gari."

Muzee Barnabé akanitazama, kisha akakaa. Dieudonné naye alinitazama kupitia kioo, mguu wake bado juu ya pedali.

Nilimwambia azime motere.